Miamba ya Barafu Huja Juni, si Msimu wa Mnada wa Korosho

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 61. Ninaishi Mikindani na nina shamba la mikorosho Tandahimba. Binti yangu ni muuguzi katika mji wa St. John's, kisiwani Newfoundland, nchini Kanada, naye ananisihi nimtembelee ili tutembee kwa miguu kandokando ya bahari, tukitafuta miamba ya barafu inayoelea pamoja na nyangumi na ndege wa huko. Fedha zangu hupatikana baada ya minada ya korosho, kwa hiyo nimepanga kusafiri Desemba. Je, nitaiona barafu hiyo? Nitawaona dubu weupe? Na je, mtu wa umri wangu, aliyezoea joto la Mtwara, anaweza kuzimudu njia hizo?

Jibu: Shikamoo, Mwalimu. Jibu la swali lako la kwanza linabadilisha mpango wote, kwa hiyo nalitanguliza: usisafiri Desemba. Mwezi huo huwezi kutegemea kuona mwamba wa barafu hata mmoja karibu na St. John's, nyangumi walio wengi wameshaelekea kwenye maji ya joto ya Karibi, ndege wa baharini wamekwisha kuviacha viota vyao, na jua huzama saa kumi jioni na dakika chache. Utakachokipata ni theluji, upepo mkali na sebule ya binti yako. Mimi niliyesomea ikolojia ya bahari, nikaishi katika mji huo kabla ya kurudi kufanya kazi hapa Lindi, singekwenda huko Desemba kutafuta barafu hata kwa tiketi ya bure. Fedha za mnada ziweke benki, nawe usafiri katikati ya Juni.

Naitaja Juni kwa sababu misimu miwili hukutana hapo. Wakati mzuri zaidi wa kuona miamba ya barafu katika pwani ya mashariki ya kisiwa hicho ni mwisho wa Mei na mwanzo wa Juni, ilhali nyangumi huwa wengi kuanzia mwisho wa Juni na katika Julai yote. Anayetaka barafu tu aende mapema, na anayetaka nyangumi tu angoje Julai; wewe unayetaka vyote viwili chagua majuma mawili ya kati, ukijua kwamba barafu itakuwa inaaga na nyangumi wanaanza kupiga hodi.

Miamba hiyo haizaliwi Newfoundland. Mingi hutoka katika barafuto za pwani ya magharibi ya Greenland, yaani mito ya barafu inayoteremka polepole kutoka nchi kavu hadi baharini na kumeguka vipande vipande inapofika majini. Barafu yenyewe ni theluji iliyoanguka miaka 10,000 iliyopita au zaidi, ikashindiliwa na uzito wa theluji iliyofuata hadi hewa iliyokuwa ndani yake ikabaki kama viputo vidogo vilivyobanwa. Kipande kikishameguka, mkondo wa bahari hukipeleka kwanza kaskazini, kikaizunguka Ghuba ya Baffin, na ndipo mkondo baridi wa Labrador unapokichukua na kukishusha kusini hadi Newfoundland. Safari hiyo huchukua mwaka mmoja hadi mitatu, na vipande vingi huyeyuka au hukwama njiani. Utakapoukaribia mwamba kwa boti bahari ikiwa shwari, zimisheni injini msikilize: viputo vile hupasuka barafu inapoyeyuka, na maji yanayouzunguka huvuma na kualika. Ukiona michirizi ya buluu iliyokolea katika weupe wa mwamba, hapo maji yaliyoyeyuka yaliingia katika ufa yakaganda upya bila viputo.

Mwamba wa kawaida unaofika eneo hilo hukadiriwa kuwa na uzito wa tani 100,000 hadi 200,000, na karibu sehemu tisa katika kumi za barafu yake zimo chini ya maji. Jambo hili lina faida kwa mtembea kwa miguu. Kwa kuwa sehemu ya chini huenda kina kirefu, mwamba mkubwa ukiingia katika ghuba hugusa sakafu ya bahari na kukwama, ukakaa hapo siku kadhaa au hata majuma, na watu wakautazama kutoka juu ya majabali bila kupanda chombo chochote. Ndiyo maana nakubaliana na binti yako kwamba kutembea ni njia bora kuliko kukodi boti kila siku: ukiwa juu, kwenye rasi, jicho lako linafika mbali sana.

Sasa nikutahadharishe, maana watu wengi wanaorudi wakinung'unika hawakuambiwa hili. Idadi ya miamba hubadilika mno mwaka hadi mwaka. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912 meli ya Titanic iligonga mwamba uliokuwa umeteremka na mkondo huohuo wa Labrador, na kuanzia 1914 ikaundwa doria ya kimataifa ya barafu, ambayo hadi leo huhesabu miamba inayovuka latitudo ya nyuzi 48 kaskazini, mstari unaopita kaskazini kidogo ya St. John's. Mwaka 2019 doria hiyo ilihesabu miamba 1,515. Mwaka 2021 ilihesabu mmoja. Tofauti hiyo inatokana na mambo mengi, na mawili kati ya hayo ni makubwa: kiasi cha maji ya bahari yaliyoganda wakati wa baridi, ambayo huikinga miamba isipigwe na mawimbi wala kuyeyuka mapema, na upepo. Wewe uliyekulia Mikindani huhitaji somo refu kuhusu upepo. Kama vile kaskazi na kusi zilivyoamua ni lini majahazi yaje na ni lini yaondoke, ndivyo upepo wa kaskazini mashariki unavyoisogeza barafu pwani ya Newfoundland, na upepo wa magharibi ukageuka na kuifukuzia bahari kuu, pengine kwa usiku mmoja tu.

Kwa hiyo usiifunge safari yako katika barafu peke yake. Mwambie binti yako aanze kuifuatilia tovuti ya IcebergFinder mwezi Mei, kwa sababu huonyesha katika ramani mahali miamba ilipoonekana, na asilipie mapema malazi yote ya nje ya mji. Mkifika Juni mkakuta pwani ya St. John's ni tupu, mtakuwa na nafasi ya kuelekea kaskazini, ambako barafu huchelewa kuisha. Rasi ya Bonavista iko umbali wa kama kilomita 300 kwa barabara, na Twillingate, mji unaojulikana sana kwa miamba hiyo, uko zaidi ya kilomita 400. Mimi ningechagua Bonavista, kwa sababu nitakazozieleza nikifika kwenye njia zenyewe.

Wanyama ni habari ya uhakika zaidi, na kwa maoni yangu ndio watakaokushangaza kuliko barafu. Mkondo uleule wa Labrador unaoleta miamba hubeba maji baridi yenye rutuba nyingi, na katika maji hayo huishi makundi makubwa ya kapelini, samaki mdogo mwembamba ambaye ukimwona utamfananisha na dagaa. Mwishoni mwa Juni na katika Julai kapelini huja kutaga mayai kwenye fukwe zenye changarawe, mawimbi yakiwatupa juu kwa maelfu, na wenyeji huteremka na ndoo na nyavu kuwazoa. Ufuko wa Middle Cove, karibu kabisa na St. John's, ni mahali maarufu pa kuona jambo hilo. Nyuma ya kapelini hufuata nyangumi wenye nundu, mara nyingine karibu sana na ufuko.

Huenda umewahi kuwasikia wavuvi wa Msimbati wakizungumzia nyangumi wanaopita katika maji ya Ghuba ya Mnazi kati ya Julai na Novemba. Hao nao ni nyangumi wenye nundu, wa spishi hiyohiyo, lakini hawaonani kamwe na wale wa Newfoundland. Wetu hula katika bahari ya kusini karibu na Antaktika, kisha huja katika joto la Afrika Mashariki kuzaa na kupandana, na muda wote wa kuwa kwetu hula kidogo sana au hawali kabisa. Wale wa Newfoundland huzaa Karibi wakati wa baridi ya kaskazini, na huenda Newfoundland kula. Tofauti hiyo utaiona kwa macho: nyangumi wa kwetu huonekana akipita na ndama wake au akirukaruka, ilhali wa kule utamwona ameachama, akiibuka katikati ya kundi la kapelini huku ndege wakipiga kelele juu yake. Tafuta kwanza pumzi yake, ile nguzo ya mvuke inayosimama juu ya maji, kwa sababu huonekana kabla ya mgongo wake.

Ndege utakaowapenda ni pafini, mweusi mgongoni na mweupe tumboni, mwenye mdomo mkubwa wa rangi ya machungwa, ambaye huchimba kiota chake ardhini kama panya. Visiwa vya hifadhi ya Witless Bay, kusini ya St. John's, vina koloni kubwa kuliko zote za pafini katika Amerika Kaskazini, jozi zaidi ya 260,000, nao huwapo kuanzia Mei hadi Septemba. Watalii hawaruhusiwi kushuka katika visiwa hivyo, kwa hiyo hapo hamna budi kupanda boti kutoka Bay Bulls. Siku hiyo moja ya boti nawashauri msiikose. Ukitaka kuwaona pafini ukiwa umesimama nchi kavu, nenda Elliston katika rasi ya Bonavista. Huko hutua kwenye jabali lililotenganishwa na pwani kwa mfereji mwembamba wa bahari, na ukikaa kimya huja karibu kiasi cha kukufanya usahau darubini.

Kuhusu dubu weupe jibu langu ni fupi: usiwatarajie, wala usiwaombe. Huletwa na barafu ya bahari miezi ya mwanzo wa mwaka, zaidi katika Labrador, eneo la bara lililo kaskazini ya Newfoundland, na katika ncha ya kaskazini ya kisiwa, na anapotokea mmoja karibu na kijiji huwa ni jambo la polisi na maofisa wa wanyamapori. Mnyama wa kumhofia kweli katika safari yenu ni musi, mla majani mkubwa wa jamii ya kulungu, ambaye dume lake huweza kuzidi kilo 400. Hakuwapo kisiwani zamani. Aliletwa na watu, na wanne walioachiwa mwaka 1904 wakawa chanzo cha maelfu waliopo leo. Porini hana shida nawe ukimwachia nafasi, lakini barabarani jioni na usiku husababisha ajali mbaya, kwa hiyo binti yako asiendeshe gari baada ya giza kuingia. Na kwa kuwa umezoea kutazama chini unapopita kwenye mikorosho, nikupe habari njema: Newfoundland haina nyoka wa asili.

Nije kwenye njia. Kuna mfumo wa njia za miguu uitwao East Coast Trail, wenye urefu wa kilomita 336, unaofuata ukingo wa bahari kutoka Topsail hadi Cappahayden na kugawanyika katika vipande 25 ambavyo kila kimoja kinaweza kutembewa peke yake. Si lazima, wala haifai, uufuate wote. Anzeni na njia ya Signal Hill mjini kwenyewe, isiyofika kilomita mbili, yenye ngazi nyingi na mahali pembamba palipofungwa mnyororo wa kushikilia. Hiyo itakupima mapafu na magoti, na kutoka kilele chake mtaona kama kuna barafu iliyokaribia mlango wa bandari. Siku inayofuata nendeni Cape Spear, ncha ya mashariki kuliko zote za bara la Amerika Kaskazini ukiiacha Greenland, ambako mnara wa taa wa mwaka 1836 bado umesimama. Kutoka hapo njia huelekea kusini hadi Maddox Cove kupitia uwanda wazi usio na miti, na kwa kuwa bahari huonekana muda wote, mnaweza kugeuka na kurudi wakati wowote mnapochoka.

Njia ya La Manche ningeiweka siku ya tatu au ya nne. Hupita msituni, hushuka hadi kwenye daraja la kamba za chuma linaloning'inia juu ya mlango wa mto, na kando yake kuna misingi ya nyumba za kijiji kilichobomolewa na dhoruba ya Januari 1966. Wakazi walihamishiwa mahali pengine. Ile njia iitwayo Spout Path, ambayo vijana huisifu kwa tundu la jabali linalorusha maji juu, iacheni. Ni ndefu, inachosha, na ukishafika katikati yake hakuna mahali pa kutokea.

Kisha nendeni Bonavista. Karibu na kijiji cha Port Rexton kuna njia ya Skerwink, mzunguko wa kilomita 5 na kitu, na kama ningeruhusiwa kukuchagulia njia moja tu katika kisiwa kizima ningekuchagulia hiyo. Kwa saa mbili au tatu za mwendo wa kuvuta pumzi mtapita juu ya nguzo za majabali zilizosimama baharini, mahali ambapo mwezi Juni mwamba wa barafu na nyangumi vinaweza kuonekana katika mtazamo mmoja, na pafini wa Elliston si mbali kwa gari.

Umri wa miaka 61 si kikwazo. Kikwazo ni kwamba pwani yetu ni tambarare, na kule ni kupanda na kushuka bila kupumzika, juu ya mizizi, mawe yenye maji na matope. Kuanzia Februari tembea kati ya Mikindani na Mtwara mjini mara mbili kwa wiki ukiwa umevaa viatu utakavyosafiri navyo, na kila unapokwenda Tandahimba fika hadi Newala, uteremke na kupanda pale Shimo la Mungu. Magoti yanayoizoea genge ile hayataona ajabu Cape Spear. Kushuka kutakuumiza kuliko kupanda, kwa hiyo chukua fimbo. Mwone daktari apime shinikizo la damu kabla ya kukata tiketi.

Baridi ya Juni si ya kugandisha: wastani ni kama nyuzi 6 usiku na 16 mchana. Lakini upepo uliopita juu ya barafu hupenya nguo kama huna kizuizi, na ukungu wa huko hulowesha bila mvua. Kosa la watu wa pwani yetu ni kuvaa fulana za pamba mbili tatu na jinzi. Pamba ikilowa hunyonya joto la mwili badala ya kulitunza. Vaa nguo ya ndani ya sufi au ya nailoni, juu yake sweta, na juu ya yote koti na suruali visivyopitisha maji wala upepo. Ongeza kofia ya sufi, glavu na soksi nene. Masweta mazuri yapo katika mitumba ya Kariakoo kwa bei ndogo. Viatu pekee ndivyo ningekushauri ununue vipya, vyenye soli yenye meno na shingo inayofunika vifundo vya mguu.

Hatari mbili nizitaje kwa mkazo. Ya kwanza ni ukingo wa majabali: udongo wa juu mara nyingi huwa umeliwa chini, upepo huweza kumsukuma mtu, na ukungu ukiingia mtu haoni hatua kumi mbele. Ukungu ukishuka simameni au rudini kwa njia mliyojia, wala msikate njia ya mkato. Vilevile msishuke kwenye mawe ya chini yaliyolowa ili kupiga picha, kwa sababu wimbi moja kubwa huja bila kutangulia dalili, na maji yale, yenye nyuzi chache tu juu ya sifuri, humwondolea mtu nguvu za kuogelea ndani ya dakika chache hata kama alizaliwa ufukweni. Ya pili ni mwamba wa barafu wenyewe, unaoweza kupasuka au kupinduka ghafla na kuzua mawimbi. Anayeukaribia kwa chombo hukaa mbali kwa kiasi kisichopungua urefu wa mwamba kutoka ncha hadi ncha, au mara mbili ya kimo chake, akichagua umbali ulio mkubwa kati ya hiyo miwili. Nahodha mzuri atalifuata hilo bila kuombwa. Akijitolea kuwasogeza zaidi ili mguse barafu, kataeni.

Jua la Juni huchomoza karibu saa kumi na moja alfajiri na kuzama karibu saa tatu usiku, kwa hiyo hamna sababu ya kukimbizana na giza, ila utahitaji ratiba ya eneo hilo kwa ajili ya swala na pazia nzito kwa ajili ya usingizi.

Limebaki suala la fedha na karatasi, na hapa msimu wa korosho unakusaidia. Mtanzania huhitaji viza ya mgeni kuingia Kanada, na huchukuliwa alama za vidole Dar es Salaam. Wahusika hutaka kuona taarifa ya benki ya miezi kadhaa, na fedha nyingi zilizoingia ghafla juma moja kabla ya maombi huzua maswali. Malipo yako yakiingia Novemba au Desemba kupitia chama cha msingi, yaache katika akaunti, tunza stakabadhi za mnada, ongeza uthibitisho wa pensheni na wa umiliki wa shamba, kisha omba viza Januari au Februari. Binti yako aandike barua ya mwaliko yenye tarehe za kufika na kurudi, anwani yake, kazi yake, na maelezo ya nani atalipia nini. Tiketi ya ndege ilipe baada ya viza kutoka, na nafasi ya boti ya Bay Bulls muiweke siku za mwanzo wa ziara, ili bahari ikichafuka wakaahirisha mbaki na siku nyingine ya kujaribu.